Barua kwa rafiki kuhusu namba 4294967297

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa makini, hasa pale ulipoandika kwamba namba ikishavuka bilioni haina tena cha kumwambia mtu mwenye kalamu na karatasi, kwa kuwa kila swali la maana kuihusu ni lazima lipelekwe kwenye kompyuta. Nakuheshimu sana, lakini jambo hili siwezi kulikubali. Badala ya kukujibu kwa maneno ya jumla, nimeamua kukuandikia kuhusu namba moja tu, nayo ni 4294967297, yenye tarakimu kumi na historia ya karibu miaka mia nne. Kila hesabu utakayoikuta humu inafanyika kwa mkono, nami nakuomba uifanye wewe mwenyewe kadiri unavyosoma, kwa sababu uzuri wa namba hii hauonekani kwa anayeusikia tu.

Kwanza tazama ilivyojengwa. Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4, kisha uizidishe 4 kwa yenyewe upate 16, halafu uendelee hivyohivyo upate 256, 65536 na 4294967296. Umezidisha mara tano tu, na umefika kwenye 2 kwa kipeo cha 32, ambayo kuanzia sasa nitaiandika 2³². Ongeza 1, na hapo unayo namba yetu. Ukiongeza 1 katika kila hatua ya safari hiyo unapata ukoo mzima: 3, 5, 17, 257, 65537 na 4294967297. Ukoo huu unaitwa namba za Fermat, kwa jina la Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, ambaye mwaka 1640 aliwaandikia wenzake kwamba anaamini namba zote za aina hii ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Alikiri kuwa hana uthibitisho. Tano za kwanza ni tasa kweli, na ile ya sita ndiyo hii yetu.

Sasa, anayetaka kujua kama 4294967297 ni tasa kwa njia ya kawaida atalazimika kuigawanya kwa kila namba tasa hadi afike kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65536 kwa sehemu ndogo mno. Namba tasa zilizo chini ya mpaka huo ni 6542. Nadhani ni kazi ya namna hiyo uliyokuwa ukiifikiria ulipoandika kuhusu kompyuta, na kama njia ingekuwa hiyo peke yake ningekuunga mkono. Lakini namba hii haikutupwa mbele yetu kama rundo la tarakimu, bali tunajua ilivyojengwa, na ujenzi huo unatuambia mapema vigawo vyake vinapaswa kuwa na sura gani.

Tuseme kuna namba tasa, tuiite p, inayoigawanya 4294967297 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³², ikigawanywa kwa p, imepungukiwa 1 tu ili igawanyike kamili, na hali hiyo huelezwa kwa kusema kuwa baki lake ni −1. Ukilizidisha baki hilo kwa lenyewe unapata 1, kwa hiyo 2⁶⁴ inabakiza 1. Tena hakuna kipeo kilicho chini ya 64 kinachoweza kubakiza 1, kwa sababu kipeo kidogo kabisa chenye sifa hiyo ni lazima kiigawanye 64, na vigawo vyote vya 64 vilivyo chini ya 64 yenyewe vinaigawanya 32 pia, jambo ambalo lingetupa 1 mahali pale ambapo tumekwisha kupata −1. Hapa ndipo inapoingia kanuni ambayo Fermat mwenyewe aliitaja katika mwaka uleule wa 1640: p ikiwa tasa, nayo si 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1 hubakiza 1 ikigawanywa kwa p. Kwa hiyo 64 ni lazima iigawanye p − 1. Kwa maneno mengine, kila kigawo tasa cha namba yetu kinapatikana kwa kuchukua 64 mara kadhaa, kisha kuongeza 1.

Simama hapo kidogo uone tulichokipata. Namba zenye sura hiyo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea, na kati ya hizo kumi za mwanzo zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641 tu. Majaribio 6542 yamepungua mno, na jibu limekaa katika jaribio la tano. Huwa ninasikitika kidogo nikifikiri kwamba Fermat alikuwa na zana zote mkononi, kanuni ikiwa ni yake mwenyewe, na bado kigawo hicho kilimpita.

Aliyekipata ni mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg nchini Urusi, baada ya mwanahisabati mwenzake Christian Goldbach kumwandikia mwishoni mwa mwaka 1729 akimuuliza kama anazijua namba hizi za Fermat. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 4294967297 ni sawa na 641 mara 6700417, na imani ya Fermat ikaanguka. Baadaye alieleza kanuni ya 64 niliyokuandikia hapo juu. Mfaransa Édouard Lucas aliinoa zaidi mwaka 1878, akathibitisha kwamba 64 inaweza kuondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na 128. Kwa kanuni ya Lucas, za mwanzo kujaribiwa ni 129, 257, 385, 513 na 641. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa, na 257 ni ya ukoo uleule wa Fermat, ambao nitakuonyesha baadaye kwamba watu wake hawagawani kigawo chochote. Kwa hiyo 641 ndiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa!

Kulijaribu jambo lenyewe ni rahisi. 65536, yaani 2¹⁶, ikigawanywa kwa 641 inabakiza 154. Zidisha 154 kwa 154 upate 23716, ambayo ikigawanywa kwa 641 inabakiza 640, yaani −1. Basi 2³² inabakiza −1, na ukiongeza 1 hakuna kinachobaki. Hukuhitaji hata kuiandika namba yetu kwa tarakimu zake kumi.

Lakini ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha chanzo cha jambo hili. Namba 641 inaweza kuandikwa kwa sura mbili: ni 5 mara 128, ukiongeza 1, na pia ni 625 kuongeza 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sura ya kwanza inasema kwamba 5 × 2⁷ inabakiza −1 ikigawanywa kwa 641. Ukiiweka kwenye kipeo cha nne, alama ya kutoa inaondoka, na unaona kuwa 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Sura ya pili inasema kwamba 5⁴ na −2⁴ zina baki lilelile, kwa hiyo unaweza kuiondoa 5⁴ na kuiweka −2⁴ mahali pake. Unachopata ni kwamba −2³² inabakiza 1, ambayo ni kusema kuwa 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila kubakiza chochote. Uthibitisho wote umekwisha, na namba kubwa kuliko zote uliyolazimika kuitamka ndani yake ni 641.

Bila shaka utaniuliza kuhusu kigawo cha pili, 6700417, kwa kuwa nacho si kidogo, na kabla hatujasema tumemaliza ni lazima tujue kama kinagawanyika zaidi. Hapa ujenzi wa namba unatusaidia kwa mara nyingine. Kigawo chochote tasa cha 6700417 ni kigawo cha 4294967297 pia, kwa hiyo nacho kinafuata kanuni ya 128. Kipeuo cha pili cha 6700417 hakifiki 2589, hivyo tunatafuta namba tasa zilizo chini ya mpaka huo ambazo ni 128 mara kadhaa kuongeza 1. Ukiziorodhesha zote na kuondoa zisizo tasa, pamoja na 257 ambayo tumekwisha kuiweka kando, zinabaki nne tu: 641, 769, 1153 na 1409. Gawanya kwa kila moja, na mabaki utakayoyapata ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna hata moja iliyogawanya kamili, kwa hiyo 6700417 ni tasa. Mtu mwenye subira ya kugawanya mara nne amethibitisha kwamba namba ya zaidi ya milioni sita ni tasa, na uthibitisho wake hauna shaka hata chembe.

Sifa nyingine ya namba hii ndiyo iliyonifanya niipende kuliko ndugu zake wote. Kwa kuwa imejengwa kwa kuongeza 1 kwenye 65536 × 65536, ni dhahiri kwamba ni jumla ya vipeo vya pili viwili, 65536² + 1². Kisichoonekana upesi ni kwamba inaweza kuandikwa kwa namna hiyo mara ya pili, kama 62264² + 20449². Hesabu mwenyewe: 62264 mara yenyewe ni 3876805696, na 20449 mara yenyewe ni 418161601, na jumla yake ni namba yetu kamili. (Tena 20449 nayo ni 143 mara 143, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo nilipoliona.) Euler alithibitisha kuwa namba inayoandikika kwa njia mbili tofauti kama jumla ya vipeo vya pili viwili haiwezi kuwa tasa. Zaidi ya hapo, njia hizo mbili zikishajulikana, vigawo vyenyewe vinatoka bila kugawanya gawanya.

Fuatana nami polepole, kwa sababu hapa pana utamu wa pekee. Toa 62264 kutoka 65536 upate 3272, kisha utoe 1 kutoka 20449 upate 20448. Kigawo kikubwa cha shirika cha tofauti hizo mbili ni 8, kwa kuwa 3272 ni 8 × 409, na 20448 ni 8 × 2556. Sasa badala ya kutoa, jumlisha: 65536 na 62264 ni 127800, na 20449 na 1 ni 20450. Kigawo kikubwa cha shirika cha jumla hizo ni 50, kwa kuwa 127800 ni 50 × 2556, na 20450 ni 50 × 409. Unaona kwamba 409 na 2556 zimejitokeza tena zenyewe. Chukua nusu ya 8, ambayo ni 4, na nusu ya 50, ambayo ni 25, kisha ujumlishe vipeo vyake vya pili: 16 na 625, jumla 641. Chukua 409 na 2556, nazo ujumlishe vipeo vyake vya pili: 167281 na 6533136, jumla 6700417. Vigawo vyote viwili vimetoka kwa kutoa na kujumlisha. Tena angalia kwamba 16 na 625 ni zilezile 2⁴ na 5⁴ zilizotupa uthibitisho mfupi hapo mwanzo. Sijui namna ya kulitazama jambo hili bila furaha.

Namba hii pia ina hila, na ningekuwa nimekupunja kama nisingeitaja. Kanuni ya Fermat mara nyingi hutumiwa kama kipimo: ukitaka kujua kama namba N ni tasa, weka 2 kwenye kipeo cha N − 1, ugawanye kwa N, na kama baki si 1 basi N si tasa. Baki likiwa 1, N imefaulu kipimo, lakini kufaulu si uthibitisho. Namba yetu inafaulu. Tumeona kuwa 2⁶⁴ inabakiza 1, na namba yetu ukiitoa 1 ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64, kwa hiyo baki ni 1 bila shaka yoyote, ingawa tumeshika vigawo vyake mikononi. Kwa namna hiyohiyo kila namba ya Fermat inafaulu kipimo cha 2, iwe tasa au isiwe tasa, na kwa hiyo kipimo hicho hakifai kabisa kwa ukoo huu. Ukitumia 3 mahali pa 2, mambo yanabadilika. Tafuta mabaki ya vipeo vya 3 kwa 641: 3⁸ inabakiza 151, 3¹⁶ inabakiza 366, 3³² inabakiza 628, 3⁶⁴ inabakiza 169, na 3¹²⁸ inabakiza 357. Kama namba yetu ingefaulu kipimo cha 3, baki la mwisho lingelazimika kuwa 1, kwa kuwa 128 ndicho kipeo kikubwa zaidi cha 2 kinachoigawanya 640. Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo ambacho siku hizi kwa kawaida hutumia 3, nacho kwa namba za Fermat zinazozidi 3 hakikosei kamwe, na hadi leo ndicho kinachotumiwa kwa zile kubwa mno.

Nilikuahidi kukuonyesha kwa nini watu wa ukoo huu hawagawani kigawo. Zidisha zile tano za kwanza, 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, na utapata 4294967295, yaani namba yetu ikiwa imepunguzwa 2. Basi kigawo chochote ambacho namba yetu ingegawana na mojawapo ya hizo kingelazimika kuigawanya tofauti hiyo ya 2, na kwa kuwa zote ni witiri, hakipo ila 1. Jambo hilohilo ni kweli katika kila hatua ya ukoo. Goldbach alilitumia mwaka 1730, katika barua kwa Euler, kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho, kwa kuwa kila namba mpya ya Fermat ni lazima ilete angalau kigawo tasa kimoja ambacho hakijawahi kuonekana kwa zilizotangulia.

Jirani huyo, 4294967295, ana heshima yake katika jiometria. Mwaka 1796, Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 18, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, na kisha akaonyesha kuwa namba tasa za Fermat ndizo zinazotoa ruhusa hiyo. Pierre Wantzel alikamilisha upande wa pili wa uthibitisho mwaka 1837: idadi ya pande ikiwa witiri, umbo halichoreki isipokuwa idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat, au zao la kadhaa zilizo tofauti. Kwa kuwa namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano tu, umbo la pande witiri lenye pande nyingi kuliko yote ambalo tunajua linachoreka ni lile la pande 4294967295. Ongeza pande mbili, ufike kwenye namba yetu, na ruhusa inaondoka kabisa, kwa sababu 641 si mtu wa ukoo wa Fermat. Tofauti ya 2 kati ya namba mbili za zaidi ya bilioni nne imetenganisha kinachowezekana na kisichowezekana.

Kuhusu ndugu wakubwa zaidi nitasema kwa ufupi. Kuanzia hii yetu, hakuna namba ya Fermat hata moja iliyowahi kupatikana kuwa tasa. Ukihesabu 3 kuwa ya sifuri, zile za kuanzia ya 5 hadi ya 32 zote zinajulikana kuwa si tasa, na ya 33, yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, bado haijaamuliwa. Hapo nakubali kwamba kalamu haitoshi, na kwa sasa hata kompyuta hazijatosha.

Ila ya 6 bado iko mkononi mwako, na ningependa uijaribu kabla hujanijibu. Ni 2⁶⁴ + 1, namba ya tarakimu 20, na Fortuné Landry aliipata vigawo vyake mwaka 1880, akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini: 274177 na 67280421310721. Kwa kanuni ya Lucas, ambayo ile 128 yake huongezeka maradufu kwa kila hatua ya ukoo, vigawo vyake ni 256 mara kadhaa kuongeza 1, na kweli 274177 ni 256 × 1071 + 1. Gawanya 2³² kwa 274177, na utaona kuwa imepungukiwa 15409 tu ili igawanyike kamili. Kisha zidisha 15409 kwa yenyewe, ulinganishe na 866 × 274177, na uniandikie ulichokiona.

Ni mimi rafiki yako daima.